Digital Earth Africa ikitazamwa kutoka Nyanda za Juu Kusini: tathmini ya mtumiaji

Digital Earth Africa ni huduma ya bure ya mtandaoni inayokusanya picha za setilaiti za bara zima la Afrika, kuzisafisha na kuzipanga kwa miezi na miaka, ili mtu aliyeko Uyole, Mafinga au Makambako aweze kufungua ramani na kuona maji, uoto, mashamba na mvua ya mahali alipo kwa miaka mingi iliyopita. Imejengwa juu ya mfumo wa Open Data Cube ambao wataalamu wa Australia waliukuza kwa ajili ya nchi yao. Fedha zake zilitoka kwa serikali ya Australia na mfuko wa hisani wa Helmsley wa Marekani, na ofisi yake ya uendeshaji iliwekwa Afrika Kusini chini ya ulezi wa shirika la anga la nchi hiyo. Nimeitumia katika kazi ya kuwashauri watumia maji na wakulima wa Mbarali, Rungwe na Njombe, na hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike. Ukiitumia kulinganisha eneo moja na eneo hilo hilo katika miaka tofauti, utapata mshauri wa kuaminika. Ukiiuliza hali ya shamba moja katika wiki moja, itakupa jibu lenye sura ya uhakika kuliko uhakika wenyewe uliopo nyuma yake.

Nyanda za Juu Kusini ni mtihani mgumu kwa ramani yoyote ya bara. Jiji la Mbeya limekaa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi; kusini yake mlima Rungwe unapanda hadi karibu mita 2,960, na ukishauvuka nchi inaporomoka mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio chini kidogo ya mita 500. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Iringa mjini ni milimita 600 na ushei, na tambarare ya Usangu, iliyo nyuma tu ya milima ya Uporoto, hali yake inafanana na ya Iringa kuliko ya Tukuyu. Aidha, tofauti na kaskazini mwa nchi ambako watu huhesabu vuli na masika, huku tuna msimu mmoja unaoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo mvua zikichelewa hakuna msimu wa pili wa kufidia. Ramani ambayo kanuni zake zimetungwa zifae Sahel na Kalahari kwa pamoja haina budi kuhojiwa inapofika kwenye milima kama hii.

Tabaka la mvua, yaani ramani ya mada hiyo moja ndani ya huduma, ndilo ambalo wengi hulifungua kwanza. Data zake hazikuzaliwa ndani ya huduma hii. Zinatoka CHIRPS, mkusanyiko unaotengenezwa na Chuo Kikuu cha California cha Santa Barbara pamoja na shirika la jiolojia la Marekani, wenye kumbukumbu kuanzia mwaka 1981 na miraba ya takriban kilomita 5 kwa 5. Setilaiti hupima joto la vilele vya mawingu. Wingu ambalo kilele chake kimepoa hadi nyuzi 38 hivi chini ya sifuri huhesabiwa kuwa wingu la mvua, na muda ambao mawingu ya namna hiyo yamekaa juu ya mraba hugeuzwa kuwa milimita. Makadirio hayo huoanishwa na wastani wa miaka mingi unaozingatia milima na mabonde, na mwishoni huchanganywa na vipimo vya vituo vya ardhini.

Njia hiyo inafaa sana pale ambapo mvua huletwa na mawingu marefu ya radi, kama yale yanayokusanyika alasiri juu ya Usangu katikati ya kifuku. Kwenye miteremko ya Rungwe inapata shida, kwa sababu huko hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa husukumwa juu na mlima, ikamwaga maji kutoka mawingu mafupi ambayo vilele vyake havijapoa kiasi hicho. Wakazi wa Tukuyu wanaijua vizuri mvua hiyo ya kutwa, isiyo na ngurumo, inayolowesha kila kitu bila haraka. Kwa kipimo cha setilaiti wingu lile ni vuguvugu, na kama isingekuwa ule wastani wa miaka mingi uliooanishwa nalo, sehemu kubwa ya mvua hiyo isingehesabiwa kabisa. Matokeo yake ni kwamba Tukuyu huonekana kwenye ramani ikiwa na mvua nyingi kila mwaka, kama inavyostahili, lakini sehemu ya wingi huo ni kumbukumbu ya miaka ya nyuma, wala haikupimwa mwaka huu. Anayechora mchoro wa mvua ya Rungwe na kuona miaka inafanana mno asishangilie uthabiti wa tabianchi kabla hajalizingatia hilo.

Tarehe nazo ziangaliwe. CHIRPS hutoa toleo la awali siku chache baada ya kila kipindi cha siku tano, na toleo la mwisho hungoja hadi wiki ya tatu ya mwezi unaofuata, vituo vingi zaidi vikishaingizwa. Mkulima wa viazi anayetaka kujua mwezi Desemba kama apande au asubiri hana cha kupata hapa; huyo afuate utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao angalau umekusudiwa kutazama mbele.

Ubora wa tabaka hili unategemea vituo vya ardhini kuliko watazamaji wengi wa ramani wanavyodhani, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likisema kwamba mtandao wa vituo barani Afrika uko mbali na kiwango cha chini kinachotakiwa. Wapo wanaojaribu kuziba pengo. Mradi wa TAHMO, ulioasisiwa na Nick van de Giesen wa Delft, Uholanzi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, umejiwekea lengo la vituo 20,000 kusini mwa Sahara, vilivyoachana kilomita 30 hivi, vingi vikiwekwa kwenye viwanja vya shule na kutumia kifaa kisicho na sehemu zinazozunguka, ambazo vumbi na wadudu hupenda kuzikwamisha. Ni wazo zuri na kipimo chake kinafaa nchi tambarare. Huku kwetu, kilomita 30 ni safari ya kutoka kwenye viazi vya Uporoto hadi kwenye migomba ya Tukuyu, na hakuna kituo kimoja kinachoweza kusema kwa niaba ya vyote viwili.

Tabaka ninaloliheshimu zaidi ni la maji, liitwalo WOfS. Linatumia picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zenye pikseli (vijiraba vidogo vinavyounda picha) za mita 30, kuanzia mwaka 1984. Kila picha isiyofunikwa na wingu huulizwa, pikseli kwa pikseli, kama maji yapo au hayapo, na majibu hujumlishwa yakaonyeshwa kama asilimia ya nyakati ambazo maji yalionekana. Anayetaka kuona uwezo wa huduma hii afungue Ziwa Rukwa. Ziwa hilo lina kina kifupi na halina mto wa kutokea, kwa hiyo hupanuka na kusinyaa kulingana na mvua na uvukizi, na kwa kuwa kingo zake ni bapa, badiliko dogo la kina huonekana kama ufukwe uliohama umbali mkubwa. Mtu akipitisha ramani za mwaka mmoja mmoja anaona ziwa likipumua. Mtera nalo, bwawa lililokamilika mwaka 1980 kwenye mpaka wa Iringa na Dodoma, linasomeka vizuri, na kwa kazi kama hiyo sijaona chombo cha bure kinachoizidi.

Jambo la kusifu zaidi ni kwamba huduma inatoa pia idadi ya picha safi zilizotumika katika kila pikseli, na idadi hiyo ni ya lazima kusomwa. Hazina ya picha za Landsat za miaka ya 1980 na 1990 ina mapengo makubwa katika sehemu nyingi za Afrika, na kuanzia Mei 2003 setilaiti ya Landsat 7 ilipata hitilafu iliyoacha mistari mitupu katika kila picha yake. Asilimia 50 iliyotokana na picha mbili na asilimia 50 iliyotokana na picha 40 zinapakwa rangi ile ile.

Mambo hubadilika ukisogea Usangu. Ardhioevu ya Ihefu imefunikwa na matete na majani yanayoelea, na kanuni ya WOfS inatambua maji yaliyo wazi; maji yaliyojificha chini ya mimea huyachukulia kuwa nchi kavu. Mashamba ya mpunga ya Mbarali nayo yanaonekana kuwa na maji yanapofurikishwa kabla ya kupandikiza, kisha yanakauka kwenye ramani mpunga unapofunga, wakati mkulima bado amesimama kwenye maji ya kifundoni. Kwa hiyo mahali ambapo ugomvi wa maji ni mkubwa kuliko kwingine kokote katika mikoa hii ndipo ramani inapohesabu maji pungufu.

Nalisema hili kwa sababu ramani hupendwa kwenye mabishano. Mto Ruaha Mkuu, unaopata maji yake kutoka Usangu, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza lengo la kuurudisha utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2008 Usangu iliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hadi leo wafugaji, wenye skimu za mpunga na wahifadhi kila mmoja ana mtu wa kumnyooshea kidole. Mto wa kiangazi, ukishabaki vidimbwi na mkondo mwembamba, ni mdogo kuliko pikseli ya mita 30, hivyo kutoonekana kwake kwenye ramani ya Septemba hakuthibitishi kwamba umekauka, sembuse kuonyesha nani aliyeukausha. Atakayekwenda kwenye kikao cha bodi ya maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa na picha hiyo mkononi ataulizwa maswali ambayo picha haikupimwa kuyajibu. Vipimo vya mtiririko kwenye mabanio na kwenye vituo vya mto bado ndiyo ushahidi wenye uzito. Tabaka la sehemu tatu za ardhi, yaani mimea mibichi, mimea mikavu na udongo mtupu, lina msaada zaidi kwa Usangu, kwa kuwa linaonyesha mahali nyasi zilipoisha na mahali ziliporudi, ingawa nalo halina habari kama ni ng'ombe, moto au ukame uliohusika.

Ramani ya mashamba ina pikseli za mita 10 na ilitokana na picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, za mwaka 2019. Ukiitazama Mbarali au tambarare za mahindi za Mbozi utaifurahia. Mipaka ya skimu inakaa pale pale ilipo. Tatizo ni ufafanuzi wa shamba. Kwa waandaaji, shamba ni kipande cha angalau hekta 0.01 kilichopandwa na kinachoweza kuvunwa walau mara moja ndani ya miezi 12 baada ya kupandwa, na mazao ya kudumu yameachwa nje kwa makusudi, kwa kuwa setilaiti huyatofautisha kwa shida na uoto wa asili. Kwa bara zima uamuzi huo una mantiki. Kwa Nyanda za Juu Kusini unatoa nje chai ya Mufindi na Rungwe, kahawa ya Mbozi na Mbinga, migomba ya Rungwe, na parachichi ambazo Njombe nzima inazungumzia. Ofisa mipango wa halmashauri atakayejumlisha hekta hizo bila kusoma maelezo atapeleka kwenye baraza la madiwani taarifa ya kilimo ambayo mazao yanayoingiza fedha hayamo. Vinyungu navyo vina taabu yake: ni vipande vyembamba vya bondeni, hulimwa kiangazi wakati mashamba ya mlimani yamepumzika, na kandokando yake kuna majani mabichi ya asili yanayofanana navyo kwa rangi. Sidhani kama ramani ya mwaka mmoja inaweza kuvitendea haki.

Kuhusu hali ya uoto, huduma inatoa kila mwezi ramani ya ukijani ukilinganishwa na wastani wa mwezi huo huo katika miaka ya 1984 hadi 2020. Rangi ya kahawia maana yake ni pungufu ya kawaida, na wengi huisoma moja kwa moja kuwa ukame. Kwenye msitu wa kupandwa wa Sao Hill kahawia hiyo mara nyingi ni misonobari iliyovunwa. Kwenye miombo ya upande wa Chunya mwezi Septemba inaweza kuwa moto. Kwenye Kitulo, uwanda wa mita 2,600 hivi unaoitwa Bustani ya Mungu kwa maua yake ya msimu wa mvua, mwezi wenye maua mengi ndio wenye mawingu mengi pia, na huenda rangi ya mwezi mzima imetokana na picha moja iliyopenya. Sentinel-2 hupita juu yetu kila baada ya siku tano hivi, lakini kupita si kuona, na kati ya Januari na Machi milima ya Rungwe na Kipengere hujifunika shuka lake kwa wiki nzima bila aibu.

Dawa ya mawingu ni rada, nayo imo: picha za Sentinel-1 hupenya wingu na zinafaa kutambua mashamba yaliyofurikishwa. Ajue tu mtumiaji kwamba moja ya setilaiti zake mbili, Sentinel-1B, iliharibika Desemba 2021 na mbadala wake, Sentinel-1C, ulirushwa Desemba 2024, kwa hiyo miaka ya katikati ina picha chache zaidi.

Kuna jambo ambalo huduma hii haidai kulifanya, nalo ni kutabiri tabianchi ya miaka ijayo. Ninalitaja kwa sababu maswali ya aina hiyo huulizwa kila semina. Modeli za dunia nzima, yaani programu za kompyuta zinazoiga tabianchi, zimekuwa zikitumia miraba yenye upande wa kilomita 100 na zaidi; katika mraba kama huo Mbeya, Rungwe na sehemu ya Usangu vinakuwa kitu kimoja chenye mwinuko mmoja wa wastani, na mlima unaoleta mvua haupo. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza iliwahi kuendesha modeli ya bara zima kwa miraba ya kilomita 4.5, iitwayo CP4-Africa, ambayo ndani yake mawingu ya radi huruhusiwa kujijenga yenyewe badala ya kukadiriwa kwa kanuni. Ilionyesha vipindi vikali zaidi vya mvua kubwa na vilevile vipindi virefu zaidi vya ukavu ndani ya msimu, kuliko modeli ya kawaida iliyolinganishwa nayo. Hata hivyo ni modeli moja, iliyoendeshwa kwa miaka michache ya sasa na michache ya mwisho wa karne. Mradi wa UMFULA, ulioshughulikia Tanzania na Malawi pamoja na Bonde la Rufiji, uliweka wazi kwamba modeli zinakubaliana juu ya kupanda kwa joto lakini zinatofautiana kama mvua itaongezeka au itapungua. Mshauri anayemwambia mwenye skimu kwamba ifikapo mwaka 2050 mvua yake itapungua kwa asilimia fulani anauza uhakika ambao waliotengeneza modeli hawana.

Kwa mahitaji mengine kuna majirani wa huduma hii walio bora zaidi. Anayetaka kujua maji yanayotumiwa na mazao kwa kila siku kumi atumie WaPOR ya FAO. Anayetaka udongo afungue iSDAsoil, ramani ya mwaka 2020 yenye pikseli za mita 30, akikumbuka kwamba sehemu kubwa ya pikseli hizo zimekisiwa na kompyuta kutokana na sampuli zilizochukuliwa kwingine.

Gharama ya Digital Earth Africa ni bando. Ramani ya kawaida hufunguka kwenye simu janja, ingawa kwa kazi ya maana kompyuta mpakato ni bora, na ni busara kuwasha tabaka moja kwa wakati, hasa mahali penye mtandao dhaifu. Sehemu ya pili, iitwayo Sandbox, inataka mtu ajisajili na awe anajua kidogo kuandika programu kwa Python. Hesabu zake hufanyika kwenye kompyuta kubwa zilizoko Cape Town, hivyo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuchambua miaka 30 ya Rukwa bila kupakua picha hata moja. Mifano iliyoandikwa tayari ni mingi na inaeleweka. Walimu wa jiografia wa vyuo vya Mbeya na Iringa wangeanza nayo hapo.

Kwa upande wa mvua, kabla ya kutumia ramani katika uamuzi wowote, tafuta daftari la kipimamvua lililo karibu; mashamba makubwa ya chai huwa nayo, shule na misheni kadhaa pia, na vituo vya utafiti kama Uyole. Panga jumla za kila mwezi pembeni ya zile za CHIRPS kwa mraba huo huo, kwa miaka mingi kadiri daftari linavyoruhusu. Tofauti ikiwa ya upande mmoja na ya kiasi kinachokaribiana kila mwaka, ramani inaweza kurekebishwa na kutumika. Ikiwa mwaka mmoja inazidi na mwingine inapungua bila mpangilio, kwa eneo hilo tumia kipimamvua, na CHIRPS ibaki kwa ajili ya kulinganisha wilaya nzima na wilaya nyingine.